Sahani ya Maji Juu ya Kompresa

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, sijui goti lako.

Hapa gereji tunapaka magari rangi, na kompresa inayotupa hewa ya kupulizia imehamishiwa uani. Kila asubuhi, ingali baridi, naweka juu yake sahani ya maji kupima kama imekaa sawa, kama ulivyonifundisha. Wenzangu wananiita Mama Sahani. "Leo mchuzi gani?" wananiuliza.

Lakini maji yanakimbilia upande wa kioo cha kuonyesha kiasi cha oili. Sakafu imeinama, baba. Oili yote imejikusanya kiooni, inaonekana inatosha, kumbe sivyo. Msimamizi amesema nikichelewesha kazi tena nifungashe virago. Nifanyeje?

Binti yako

10 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti linalalamika kama kawaida yake.

Sikukulea uulize jambo unalolijua. Zima mashine, ipoe. Iinue kwa vipande vya mbao hadi maji yatulie sawasawa, ndipo usome kioo. Oili ikiwa chini ya doa jekundu, ongeza kidogo kidogo, usilivuke. Virago utafungasha ukishamaliza.

Baba yako

2 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Wiki tatu sijapata barua. Kama umefukuzwa, chumba chako nimekifagia.

Nikuambie nisilomwambia hata mama yako. Ujanani, kompresa yangu iliinama vivyo hivyo. Msimamizi aliniambia niache ukaidi, niiwashe hivyo hivyo, nikaiwasha. Haikufika mchana, iliungua. Sahani niliianza kesho yake.

Ukifukuzwa kwa kuzima mashine, rudi nyumbani kichwa juu.

Baba

9 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya, niliona aibu.

Niliizima. Kabla sijazifikia mbao, msimamizi akanifukuza. Barua yako ilinikuta nimekalia sanduku langu, tayari kwa safari. Nilikuwa naisoma mara ya pili mwenye gereji alipobisha hodi. Asubuhi hiyo kompresa ilikuwa imeanza kugonga. Alikuwa ameizima mwenyewe, akaisawazisha kama nilivyotaka, na kiooni hapakuwa na hata tone. "Kidogo tu ingekufa," alisema. "Rudi kazini. Asiiwashe mtu kabla yako."

Leo asubuhi msimamizi alivuka ua polepole, sahani mikononi, macho kwenye maji. Akaiweka juu ya mashine bila kumwaga.

"Haya, Mama Sahani," akasema, "tusomee."

Nikainama nikasoma kioo. Katikati ya doa, baba.

Binti yako,
Mama Sahani