Uuangalie Mkono wa Yunisi

Mama Kulwa, mtani wangu, mpagazi wangu wa Tabora,

Nakuandikia kwa kalamu ya Yunisi, mwandiko utauvumilia. Darasa langu la saba unalijua lilivyokuwa.

Kwanza nisamehe habari ya msiba wako. Watani wenzangu walikuja wamevaa magunia, wakaigiza mwendo wako, wakadai Mnyamwezi hazikwi mpaka ajibebe mwenyewe kama alivyobeba mizigo ya Waarabu. Watu wakacheka huku wanafuta machozi. Mimi Mgogo wako, mwenye mdomo kuliko wote hapa mtaani Kikuyu, Dodoma, nilikaa mkekani nikalia kama ndugu wa tumbo moja. Zamu yangu ya utani sikuichukua.

Mtaa umepoa, Mama Kulwa. Tangu walipokupunguza kazini, kila likizo ya mwezi wa sita watoto wetu walikuwa wako. Sisi sokoni kwenye mitumba, wewe huku umewapanga mabinti nyuma ya bomba, unawafundisha kurusha mpira wa rede. Mguu mbele, kiwiko juu, jicho kwa unayemlenga. Rede ya mitaa mingine ni kutupiana ovyo tu. Yako ilikuwa shule. Na likizo ikielekea kwisha unatukusanya, baba, mama na watoto, twende uwanja wa maonyesho kwenye mabembea. Unakumbuka lile la kuzunguka? Kanga imepaa, wewe unapiga kelele: "Nishusheni, nimeacha maharage jikoni!" Maharage yapi, mama wewe, na jiko hukuwasha tangu asubuhi!

Sasa nikwambie jambo lililonileta.

Siku ile wodini ulinishika mkono ukasema, "Mama Yunisi, uuangalie mkono wa Yunisi." Nikakujibu nitauangalia. Na nimeuangalia kweli! Kila jioni nikitoka sokoni naweka kigoda mlangoni, nasema, "Haya, rusha nione." Anarusha. Hakuna binti Dodoma hii anayerusha kama mwanangu, nasema kwa kujisifu na wewe ndiye shahidi. Anapiga kopo juu ya ukuta upepo wa Julai ukivuma. Wewe ulikuwa ukiwasimamisha mapema, "Basi, mkono ukalale," nami nakucheka, naona ni uvivu wa kipagazi. Mimi nilitaka aendelee. Jirani akipita namwita, "Njoo uone!" Mtoto anarusha tena.

Nikamwona anachana nywele kwa mkono wa kushoto. Nikadhani ni maringo ya usichana. Ndoo akaanza kubeba kwa kushoto, nikamgombeza.

Likizo ikafika mwisho, wazazi wakaniuliza, "Mwaka huu nani atatupeleka kwenye mabembea?" Nikasema mimi, nani mwingine? Tukaenda, familia nne, na viazi vya kuchemsha kwenye beseni kama ulivyokuwa ukifanya. Kuna mfanyabiashara mgeni ameweka banda la makopo: unapewa mipira mitatu, ukiyaangusha yote mara tatu unachukua chupa ya chai, ile yenye maua. Nikasimama mbele ya watu nikasema, "Andaa chupa yako, huyu hakosi!"

Mrusho wa kwanza, chini. Wa pili, chini. Watu wakasogea. Mwenye banda akaanza kunitania, "Mama, umemlisha nini huyu?" Nikamwambia, "Ugali wa uwele na mlenda, mwanangu, wewe kula chipsi zako!"

Yunisi akachukua mpira wa tatu. Akaunyanyua, kiwiko kikagoma njiani. Akaunyanyua tena. Hakulia. Alinitazama tu mimi, si makopo, kama mtu anayeomba ruhusa ya kuugua.

Hapo ndipo nilipokusikia. Hukuniambia niutazame mkono wa mwanangu kama mchezo. Uliniambia niutunze. Mama Kulwa, neno moja, na miaka yote tunaongea Kiswahili hicho hicho! Mimi nikalishika lile la upande wa macho.

Nikauchukua mpira mkononi mwake nikauweka mezani. "Inatosha," nikasema. Mwenye banda, "Mama, umebaki mmoja tu!" Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Mgogo kaogopa!" Nikajibu, "Kaogopa, ndiyo." Chupa tukaiacha pale inang'aa.

Daktari amesema bega limechoka sana, asirushe kitu mpaka mvua zije. Nikamuuliza, na baadaye? Akasema tutaona, pengine halitarudi lilivyokuwa. Nilipofika nyumbani nikakutafuta wewe wa kumwambia. Nilishafika hadi mlangoni kwako, nimeinua mkono nibishe hodi.

Nilimwomba Yunisi radhi. Mimi, kumwomba mtoto radhi! Akasema, "Mama, nilikuwa napenda unavyowaita majirani." Ndiyo maana alinyamaza na maumivu yake. Nimelala na maneno hayo siku nyingi.

Siku hizi anakaa juu ya jiwe pale bombani, mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni, anawafundisha wadogo kwa mdomo. Kulwa na Doto wako hawajambo, wako kwa mama yako mdogo na wanakuja kucheza. Doto anarusha ovyo kama amefumba macho. Huyo hakurithi kwako, kamuulize baba yake huko mliko.

Nimekukosa, mtani. Nimekukosa hata matusi yako.

Sasa pumzika, Mama Kulwa, udongo wa Ugogo ukuhifadhi vizuri kuliko ulivyokuwa ukiusema kwa utani. Ahadi yangu ni hii: mvua zikija sitamwambia Yunisi arushe. Nitangoja. Akichukua mpira siku moja kwa hiari yake, nitakaa kwenye kigoda changu na jirani hata mmoja sitamwita. Na asipouchukua, bado nitampikia, nitamsuka, nitamsifu kwa mengine.

Ni mimi,
Mama Yunisi