Darubini ya Babu na Jogoo wa Kaliua

Isevya, Tabora. Jumamosi jioni.

Mvua imenyesha mchana baada ya siku nyingi za jua, mji mzima unanukia udongo, na mimi nashindwa kukaa kitako. Nakaa, nasimama, nachungulia uani. Shajara yangu, leo univumilie mwandiko.

Tumeipata darubini ya Babu!

Babu alikuwa mpagazi. Wakati wa vita vya Mjerumani alibeba mizigo ya afisa mmoja, na vita vilipoisha alirudi nyumbani na darubini ya afisa huyo shingoni. Aliipataje, kila mzee wa wakati ule alikuwa na lake la kusimulia. Siku ya maziko yake mtani wetu, Mzaramo mmoja wa reli, akaivaa na kutangaza kwamba haivui mpaka apewe jogoo. Ndio utani wetu, Wanyamwezi na Wazaramo: unalia huku unacheka, unakomboa mali yako, yanaisha. Shangazi Mwajuma, binti yake Babu, alikuwa bado mtoto. Akatumwa amkamate jogoo. Jogoo akamsumbua siku nzima. Kesho yake alipofika naye stesheni, treni ya Kaliua ilikuwa imeshaondoka, na Mzaramo yumo ndani, kahamishwa kazi.

Tangu hapo ukoo unamcheka. Walioiona wamekwisha kufa, na waliobaki humwambia: darubini gani, Mwajuma, uliota. Wengine wanamwita mwongo wazi wazi, na hilo linamuuma mpaka leo, uzeeni. Naye hujibu jibu lile lile: "Ina namba nane. Wajerumani walimpa baba namba nane."

Mimi ni mwalimu katika kijiji cha ujamaa jirani na Kaliua. Juzi nilipita shamba la kijiji, nikamkuta Mzee Pazi juu ya dungu, analinda mahindi, anawatazama nyani kwa darubini. Nikasahau hata shikamoo. Nikapanda dunguni na kanga zangu, nikaishika, nikasoma maandishi ya Kijerumani: Fernglas 08. Nilipiga kelele hadi nyani wakakimbia wenyewe.

Mzee Pazi naye ni Mzaramo. "Hiyo nane ni namba ya marehemu baba, kazini kwake reli," akaniambia. Nikamweleza habari zetu. Akacheka mpaka dungu likatikisika.

"Wanyamwezi nyie! Haya, mpelekee shangazi yako aitazame. Ikiwa yenu, niletee jogoo. Ikiwa si yenu, niletee darubini na jogoo."

Leo asubuhi nikashuka stesheni, na kabla ya kufika nyumbani nikapita kwa fundi saa anifutie vioo. Kwenye rafu yake ilikuwapo darubini nyingine. Nikaigeuza.

Fernglas 08.

"Zote zina nane," fundi akasema. "Ni aina yake tu, imeandikwa kiwandani, kama baiskeli."

Kumbe nane si ya Babu, wala si ya baba yake Pazi. Njia nzima hadi Isevya nilijiuliza nitamwambia nini Shangazi, ambaye macho yake sasa yana ukungu na ameishikilia nane hiyo maisha yake yote. Nikiri tu hapa: nilitaka kuificha kapuni na kunyamaza.

Nikashindwa. Nilimkuta uani anachambua mchicha. Nikamwamkia, nikamwekea darubini mapajani. Wala hakuuliza namba. Dole gumba lake lilipita chini ya kishikio cha mkanda, likasimama.

"Mguu wa kuku," akasema. "Alama ya mzigo ya baba."

Nikainama. Mistari mitatu iliyokutana, imekwaruzwa kwa ncha ya kisu. Shangazi akashangaa kuona nashangaa. Kila mpagazi alikuwa na alama yake ili mizigo isichanganyike kambini, na ya baba yake ilikuwa kila mahali humu nyumbani, sasa nani angeona haja ya kuitaja? "Si hata kwenye kinu hicho unachotwangia!"

Nikakimbilia kinu. Nimekitumia tangu utotoni, nikidhani ni nyufa. Mguu wa kuku, vidole vitatu! Nikalia kwa furaha, sioni haya kuandika.

Shangazi akaiweka machoni. "Sioni kitu," akasema, na uso wote unacheka. Kisha akaishusha. "Nyani watamaliza mahindi ya watu. Mtani tutamwachia aitumie. Lakini kwanza tuikomboe."

Nikamwambia nitampeleka jogoo mimi mwenyewe. Alinitazama kana kwamba nimemtukana. Akajifunga kanga kiunoni, akaingia katikati ya ua mvua ikianza kunyesha, akamfukuza jogoo mwekundu huku na huku, majirani wakichungulia, hadi akamnasa pembeni ya kinu.

Sasa jogoo amefungwa kwenye mguu wa kitanda changu, ananitazama vibaya. Shangazi ameshafunga kifurushi chake na kukiweka mlangoni.

Kesho treni ya Kaliua haituachi.