Bluu Haipandi Toleka

Mama Kaswera wa redio, mshauri wetu mpendwa, naomba unisaidie kabla disque haijavunja nyumba yangu, maana kwetu batu hawasalimiani tena juu ya kipande cha chuma. Mimi na bwana yangu Élie tuko na studio ndogo hapa Makiso, tunafilme maharusi, mabatizo, matanga, na yote tunaiweka ndani ya disque dur, kile chombo cha kutunzia vidéo, na disque yetu ya kwanza ilikuwa ile marque nyeusi, tuliinunua kwa Tonton Ambroise, kaka ya mama yangu, iko na boutique ya vyombo vya umeme na anauza nyeusi tu, anaisifu kama binti wa kuozesha, bon, nyeusi ikakufa, akatupa ingine bila kulipa, nayo ikakufa, inafanya tac-tac-tac halafu kimya. Lakini bluu ya Élie, marque ingine kabisa, kiwanda kingine, ile haijawahi hata kukohoa, iko pale kwenye étagère chini ya kitambaa nilichofuma kwa mikono yangu, Élie hataki hata niipanguse vumbi, anasema bluu haipandi toleka, ya kutembea ni nyeusi, donc kama familia ya kule Mangobo ao kule Kabondo inataka harusi yao, kwa vile connexion yetu ya internet haiwezi kubeba harusi muzima, tunafunga nyeusi ndani ya sachet, tunamupa mwenye toleka, ile baiskeli ya kubeba batu, anaifunga nyuma kwenye porte-bagages, inaenda, inarudi, na bluu inabaki nyumbani kama bibi-harusi.

Alors Élie anasema, si unaona, nyeusi ni marque ya bure, na siku moja mbele ya mama yangu akasema Tonton anauzia familia maiti, na Tonton akapata habari, na tangu siku ile hakanyagi kwetu, akiniona barabarani anaangalia mawingu. Mama, yule ndiye aliyenilipia masomo.

Na shida kubwa ndiyo hii. Papa Faustin, jirani yetu, alifiwa na bibi yake wa ndoa, Mama Angèle, na vidéo moja tu ya Mama Angèle iko duniani, anacheza kwenye harusi ya binti yake, amevaa pagne ya kijani, anacheza mpaka anavua viatu anavitupa, na vidéo ile sasa iko ndani ya bluu tu, kopi yake ya pili ilikufa na nyeusi. Retrait de deuil inakaribia, siku ile ya kumaliza matanga Papa Faustin anataka watoto wamuone mama yao ukutani akicheza, waache kulia, na mimi nilimuahidi. Bluu inakaribia kujaa. Tumepata fedha ya disque moja, nataka kubwa kabisa, nimwage vyote mule, nipumue. Élie anasema lazima bluu, mama yangu anasema nikinunua bluu nimemuzika Tonton akiwa muzima, na kule karibu na beach, kwenye bandari, kuna mutu anauza moja ndogo kama kipande cha sabuni, haina marque, imeandikwa nafasi ya téra kumi na sita, bei yake karibu sahani ya pondu na samaki. Kila mutu iko na ushuhuda wake kama kanisani, huyu anasema nyeusi, huyu bluu, kichwa inaniuma. Mama Kaswera, marque gani haikufi?

Pélagie, Makiso

*

Pélagie mwanangu, marque isiyokufa bado haijazaliwa. Sasa vuta kiti.

Pole kwa ugomvi. Tonton aliyekulipia masomo akikuangalizia mawingu, hiyo inauma, naijua. Lakini barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikapiga meza, kwa sababu jibu umeliandika mwenyewe ukalipita kama hulijui! Nyeusi inapanda toleka. Bluu haipandi. Ndani ya disque kuna sahani inayozunguka, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake karibu kuigusa. Chombo hicho ninyi mnakifunga kwenye chuma cha baiskeli, mnakipitisha kwenye mashimo ya Kabondo kwenda na kurudi, halafu mnasema marque ni mbaya? Aka! Mtoto mmoja mnamtuma sokoni kwenye mvua, mwingine mnamfunika blanketi, kisha mnasema ukoo wa yule wa kwanza ni wa wagonjwa.

Na wewe Élie, najua uko hapo karibu na redio. Samaki mmoja akioza wote wameoza, haya, lakini hiyo ni ya samaki. Disque mbili zilizokufia mikononi mwako hazitoshi kuhukumu marque, na moja iliyopona chini ya kitambaa haitoshi kuisifu. Kuna makampuni yenye disque maelfu kwa maelfu, yanatangaza zipi zimekufa na zipi zimepona, na hata hapo utakuta marque moja ina modèle ngumu na modèle dhaifu. Kwa hiyo anayejua kununua haulizi rangi. Anauliza modèle, anauliza garantie, yaani nani atamrudishia ikifa. Tonton alikupa nyingine bila kulipwa, na wewe ukamwita muuza maiti. Aibu!

Ile ya beach iache hapo hapo. Téra kumi na sita kwa bei ya pondu? Mwanangu, nyingi za namna hiyo zina maandishi makubwa na tumbo dogo. Inapokea, inapokea, inakuambia asante, na siku ya kufungua unakuta majina ya vidéo bila vidéo.

Sikiliza basi, Pélagie. Hiyo fedha mpelekee Tonton, na Élie aende mbele yako, amuombe msamaha kwa mdomo wake mwenyewe, asikutume wewe. Nunueni nyeusi kubwa yenye garantie. Msiiamini siku hiyo: ijazeni mpaka mwisho, mfungue vitu vya mwanzo na vya mwisho, mwone kama vinacheza. Kisha futeni hivyo vya majaribio, mwage yote ya bluu ndani yake, na bluu usiifute hata harusi moja. Nyeusi ilale kwa Tonton, bluu ilale kwenu, ili mwizi au moto wa nyumba moja usile zote. Familia za Mangobo wape clé USB, hiyo ipande toleka inavyotaka. Akiba haiozi, Pélagie, lakini kitu kilichokaa mahali pamoja tu si akiba.

*

Juzi Pélagie aliniandikia tena. Naisoma kama ilivyo.

"Mama Kaswera, oyé! Jumamosi ilikuwa retrait de deuil. Batu wamejaa kwa Papa Faustin, lituma imepikwa, shuka jeupe liko ukutani, Élie akaunganisha bluu yake mbele ya wote, na bluu ikafanya nini? Tac-tac-tac! Bluu! Ile ya chini ya kitambaa! Élie akawa mweupe kama unga wa muhogo, Papa Faustin akashika kichwa, na mimi, Mama, nikacheka kwa sauti, batu wakafikiri nimerukwa na akili. Nikapigia Tonton, maana nyeusi yetu mpya inalala kwake, kama ulivyosema. Akakuja kwa miguu, nyeusi iko kifuani ndani ya taulo kama mutoto wa jana, wenye toleka wanamuita, Tonton, panda, naye anajibu, mimi napanda, hii haipandi! Tukaunganisha. Mama Angèle akatokea na pagne yake ya kijani, akatupa viatu, na watoto wake wakapiga vigelegele, na Papa Faustin akasimama akacheza naye pale ukutani mpaka mwisho wa wimbo, akasema rudisha, tukarudisha, akacheza tena. Élie alimuletea Tonton sahani kwa mikono miwili. Mama, tumeshinda!"

Mmeshinda, mwanangu, na mimi nimelia hapa studio bila haya. Mpe Tonton salamu zangu.

Lakini bluu imekufa, Pélagie. Mama Angèle amebaki na nyumba moja tu. Acha kucheza, nenda ukanunue ya pili leo.