Uyoga wa Boksi na Kikao cha Jumamosi

Nyumbani kwangu (bado ni kwangu),
Jumatatu, tarehe 14.

Mpendwa Kitindamimba,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na wifi yangu na wote mnaokaa pamoja. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua uliyosema inanuka kama lami, umeimaliza au umeificha? Mimi mzima. Neno hilo nimelikandamiza kwa kalamu kwa sababu nasikia wewe umeambiwa mengine. Presha imetulia, uzi naupitisha mwenyewe kwenye tundu la sindano, na chakula nakimaliza.

Ningekupigia simu, lakini wewe na simu nawajua. Kabla mtu hajafika katikati ya jambo lake umeshasema "sawa dada, sawa dada", kisha unakata na kwenda kufanya lako. Barua huwezi kuikatiza. Kaa chini, mwambie wifi akuletee chai, usome mpaka mwisho.

Nianze na boksi, maana yote yametoka humo. Miezi miwili iliyopita binti yangu mfamasia aliniletea boksi la kuoteshea uyoga nyumbani. Alisema ni kitu cha kunishughulisha. Hilo neno sikulipenda, lakini boksi nililipenda. Ndani kuna mfuko wa plastiki ulioshindiliwa maranda ya mbao, na maranda yenyewe yameshikana kwa nyuzi nyeupe mpaka yamekuwa magumu kama tofali. Hizo nyuzi ndizo uyoga wenyewe kabla haujajitokeza. Unachana mfuko pale penye alama, unauweka penye mwanga lakini si juani, unapulizia maji mara tatu kwa siku. Baada ya wiki moja au mbili unavuna uyoga wa kijivu, mpana na laini, ule unaouona kwenye maduka makubwa umefunikwa kwa plastiki, ukaupita kwa heshima.

Sasa nifikirie mimi. Miaka thelathini na moja kwenye chumba cha kufulia cha hospitali nikipigana na ukungu kwenye mashuka, leo naletewa ukungu ndani ya boksi niulee. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka jirani akagonga kuuliza kuna nini. Nikauweka juu ya friji, karibu na dirisha, nikaanza kazi.

Siku ya tano zile nyuzi nyeupe ziligeuka njano. Siku ya nane binti alipita kunijulia hali, akanusa boksi, akachukua chupa yangu ya kupulizia akainusa nayo. Akaniuliza nimetia nini humu. Nikamwambia maji. Aliniangalia kwa jicho lile analowaangalia wagonjwa waliomeza vidonge vya watu wengine. Ndani ya chupa mlikuwa na klorini.

Hapa ndipo nataka unielewe, tena usiruke mstari. Kule kwetu kwenye mafuo ya hospitali neno "maji" lilikuwa na maana moja tu. Msimamizi akisema pulizia maji, ni maji ya dawa: unajaza chupa, unatia vifuniko viwili vya klorini, unatikisa. Maji matupu tuliyaita maji ya kunywa, na hakuna aliyethubutu kupulizia maji ya kunywa kwenye shuka la wodi. Nimelisema neno hilo na kulifanya kila siku ya kazi tangu nikiwa msichana. Kwenye boksi wameandika "pulizia maji". Basi mikono yangu ikajaza chupa, ikapima vifuniko viwili, ikatikisa, huku mimi nawaza mambo mengine kabisa. Nikauua uyoga wa watu mara tatu kwa siku, kwa bidii na kwa usafi.

Wanangu wanasema nimesahau. Sikusahau kitu, mdogo wangu. Nilikumbuka kupita kiasi.

Kumbe binti alitoka hapa akampigia kaka yake, na habari ikamfikia imeshatiwa chumvi: mama anatia sumu kwenye chakula. Mwanangu huyo unamjua. Tangu awe mwalimu mkuu anaongea na mimi kana kwamba nimechelewa kengele. Alikuja na orodha ya makosa yangu kwenye daftari. Sufuria ya maharage iliyoungua, funguo nilizoziacha kwa fundi viatu, na sasa klorini. La sufuria silikani, liliungua kweli, na moshi ulitoka mpaka nje. Lakini wewe uliunguza godoro zima ukiwa na miaka ishirini na mbili, na sikumbuki mtu kukuitia kikao.

Wakaamua, nasema wakaamua, sisemi tukaamua, kwamba nihamie kwa mwanangu. Kuna chumba cha nyuma chenye televisheni, nitapumzika. Nyumba hii ipangishwe. Wiki hiyohiyo dalali alikuja na futi yake kupima vyumba. Nilimkuta mlangoni, nikasimama katikati ya mlango na upana wangu wote huu, nikamwambia apime baraza mpaka achoke, ndani haingii. Alipima kizingiti, akaandika, akaondoka. Nyumba hii mimi na marehemu shemeji yako tuliisimamisha chumba kimoja kimoja, na kila ukuta najua ulipigwa plasta mwaka gani. Sitaiacha kwa ajili ya televisheni.

Nikaenda mwenyewe kwenye duka la mbegu nikanunua boksi jingine. Nikanunua na chupa mpya, nikabandika karatasi juu yake, nikaandika kwa herufi kubwa: MAJI YA KUNYWA. Ile ya zamani nikaifungia bafuni. Asubuhi napulizia, mchana napulizia, jioni napulizia. Siku ya sita vikachomoza vichwa vidogo vidogo vya kijivu, hata kichwa cha njiti ya kiberiti ni kikubwa. Kesho yake vimekuwa maradufu, na keshokutwa maradufu tena. Nilikuwa naamka na kwenda moja kwa moja jikoni kabla sijanawa uso. Nilikuwa na furaha, Kitindamimba. Nalisema wazi kwa sababu tangu shemeji yako afariki sijapata asubuhi za namna ile.

Watoto wakapanga kikao Jumamosi. Nami nikapanga mavuno yangu Jumamosi. Uyoga huu unavunwa kabla kingo za kofia zake hazijaanza kujikunja kwenda juu. Unashika shada zima kwa mkono, unalizungusha mara moja, linang'oka. Nikaukaanga kwa kitunguu, chumvi na pilipili manga kidogo, nikaupakua kwenye ile sahani kubwa ya wageni, nikaiweka katikati ya meza na uma tatu.

Hakuna aliyegusa. Mwanangu alisema ameshakula huko alikotoka. Binti alisema tumbo lake halijakaa sawa. Niliiangalia sahani, nikawaangalia wao, ndipo nikaelewa kwamba wanaogopa. Watoto niliowalisha kwa mkono huu walikuwa wanaogopa chakula cha mkono huu. Niliumia sana. Nimeshafiwa, nayajua maumivu, na hayo nayo yalikuwa maumivu.

Nikavuta sahani kwangu. Nikala polepole, uma baada ya uma, nao wananitazama kama watu wanaosubiri nianguke. Nilikula mpaka nikafuta mafuta kwa kipande cha mkate. Kisha nikawatolea uvivu:

"Nilikosea boksi moja, nikalisahihisha kwa boksi la pili. Ninyi mangapi mmekosea, na nani kati yenu nilimletea dalali?"

Mwalimu mkuu akatoa simu mfukoni, akasoma ujumbe wako. Alisoma kwa sauti ya darasani, neno kwa neno: "Dada yangu amezeeka sasa. Fanyeni mnavyoona inafaa." Akaiweka simu mezani, akasema mjomba amekubali.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu siku ile isipokuwa hicho. Wao ni watoto, wanaogopa kunipoteza, na woga wao unawaendesha vibaya. Hilo naweza kulimeza. Lakini wewe ni ndugu yangu. Wewe ndiye uliyekuwa unalala na ncha ya kanga yangu mkononi ili nisiondoke bila wewe kujua. Uliletewa habari za klorini, na hukuuliza hata mara moja dada anasemaje. Mstari mmoja, ukanikabidhi.

Ndipo binti akainuka akaenda jikoni. Nilidhani amekwenda kulia. Alirudi anatafuna, maana kikaangoni palikuwa pamebaki kidogo, na akasema kwa sauti ya chini, "Kaka, huu uyoga ni mtamu." Kaka yake akamjibu kwamba hatukuja hapa kula. Lakini yeye hakukaa tena upande ule wa meza. Alivuta kiti akakaa kwangu, na orodha ilipofunguliwa tena alisema la klorini lifutwe, kwa sababu ni yeye aliyelikuza.

Kwa hiyo mambo yamefika hapa. Binti amejitoa. Mwanangu anasema yeye anafuata neno la mjomba, kwa kuwa mjomba ndiye mkubwa aliyebaki. Mjomba akigeuza kauli, anafunga daftari. Asipogeuza, gari la kuhamisha vyombo linakuja mwisho wa mwezi.

Sikuandikii kukubembeleza. Kama uliweza kuandika mstari mmoja bila kuniuliza, sasa umeshasoma kurasa nne, andika mwingine. Waambie barua imeandikwa kwa mkono wangu, mistari imenyooka, hakuna neno lililokatwa. Waambie nimesema hapana. Na kama ukiona aibu kuwaandikia, usiwaandikie; gari litakuja, litanikuta nimesimama palepale aliponikuta dalali, na litarudi tupu. Nitakasirika na wewe miaka miwili au mitatu, kisha nitaacha, lakini sitahama.

Habari ya mwisho ni kwamba boksi halizai mara moja tu. Ukishavuna unalipumzisha siku chache, unalizamisha kwenye ndoo ya maji ya kunywa kutwa nzima, kisha unalirudisha mahali pake linaanza upya. La kwangu liko kwenye ndoo ninapoandika hapa, nimelikandamiza kwa jiwe la kusagia lisielee. Jirani wa kulia ameshaweka oda yake. Jirani wa kushoto anasema hali kitu kilichoota kwenye boksi, na kila siku anakuja kukiangalia.

Nisalimie wifi yangu, mwambie kitambaa alichonitumia nimekishona gauni na limenikaa. Wasalimie wanangu wote wanaoniita shangazi, hasa yule mfupi anayependa ubishi, mwambie asiache. Goti lichue, usilidekeze.

Mungu akulinde, ndugu yangu. Akupe uzee mrefu kuliko huu wangu, na ukifika huko akujalie watu watakaokuuliza kabla ya kukuamulia.

Wako akupendaye, hata leo,
Dada yako.