Anayeweza Kushinda

Minot, Dakota Kaskazini
Jumatano, 29 Mei

Kwako dada yangu Solveig,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, wewe na shemeji Duane na watoto wote. Natumaini goti la shemeji limepata nafuu na kwamba mmeshamaliza kupanda. Huku tu wazima wa mwili, ila mvua tumenyimwa. Ngano imeota kwa mabaka, na upepo unaingiza udongo hadi ndani ya kabati za vyombo.

Ujumbe wako nimeupata. Unaniuliza, mimi ninayemwendesha Seneta Lindahl kila pembe ya jimbo, nani kati yake na Joelle Vetter anaweza kushinda Novemba, ili ujue utawaambia nini wanachama wa Grand Forks kabla ya kura ya mchujo ya chama. Nilitaka kukujibu kwa mstari mmoja nikashindwa.

Nianze na huyo Joelle. Ni daktari wa mifugo, mdomo mkali, hajui kuzungukazunguka. Anataka kampuni za mafuta zilipe kodi zaidi. Anasema Seneta amezoea kuzikubalia pande zote mbili mpaka hakuna ajuaye mwenyewe anataka nini. Mjomba Arvid aliniambia anampenda sana, tena binti huyo alimwokolea ndama wake, lakini hawezi kushinda kwa sababu watu kama jirani yake Gunderson hawatamkubali. Basi nikaenda kwa Gunderson. Akanimiminia kahawa, akasema angempigia kura Joelle hata leo, shida ni vizee vikaidi kama Arvid. Nilicheka njia nzima. Lakini niliposikia hayohayo nyumba baada ya nyumba, kicheko kiliniisha. Kila mtu anampigia jirani yake hesabu, na hakuna aliyekwenda kumuuliza.

Jumapili tulikuwa Nordby, kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa, ili kamati ya chama ya wilaya ikutane na kuamua itamuunga mkono nani. Watu wetu unawajua. Kipande cha mwisho cha pai hakuna anayekichukua. Kinakatwa nusu, kisha nusu ya nusu, mpaka kinabaki kijipande cha kutia aibu, na bado wanasukumiana sahani. Watu wa namna hiyo hawamwambii mtu kasoro yake usoni.

Seneta anaposalimia watu, mimi husimama nyuma ya bega lake nikimnong'oneza majina: huyu ni fulani, mwanawe yuko jeshini, yule alikuwa mgonjwa. Siku hiyo mtu wa redio alinishika mlangoni, kwa hiyo Seneta akamfikia Bi Ardis Haugen akiwa peke yake. Akamshika mikono yote miwili na kumuuliza kwa ile sauti yake nzuri inayojaza ukumbi, "Lloyd hajambo? Mbona hukuja naye?"

Solveig, mumewe Lloyd tulimzika Machi. Seneta mwenyewe ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu, na alilia.

Bi Ardis akasema, "Hajambo, Mheshimiwa. Anakusalimu." Akachukua birika akamjazia kikombe.

Watu wakainamia kahawa zao. Baadaye walizungumza kwa utaratibu, mmoja baada ya mwingine, wakisema kwamba Joelle ni binti mzuri sana, ila jimbo hili halitamchagua, na kwamba ni heri mtu tuliyemzoea. Ilipofika wakati wa kunyoosha mikono, wote walimnyooshea Seneta. Arvid na Gunderson walikuwa wamekaa bega kwa bega. Bi Ardis naye alinyoosha.

Tukiwa njiani kurudi, Seneta alikuwa akitazama mashamba. Halafu akaniuliza, "Lloyd amekufa, sivyo?"

Nikamwambia ndiyo.

"Wameona wote," akasema. "Na wote wamenipa kura."

Hakuwa akijigamba. Alikuwa anaogopa, na mimi niliogopa kuliko yeye. Akaniomba nisimwache tena peke yake mbele ya watu.

Sasa nikuambie ambalo sijamwambia mtu. Kunong'ona huku kumepita mwaka. Kulianza na majina ya watu, yakaja majina ya miji. Mwezi huu alinipigia simu kutoka Washington, dakika chache kabla ya kura ya Seneti, akaniuliza ile bima ya mazao ya wakulima tunaiunga mkono au tunaipinga. Nikamjibu. Mimi, dereva. Na Jumapili mkono wangu ulikuwa juu pamoja na mikono ya wengine, kwa sababu nami nilijiambia kwamba Joelle hawezi kushinda.

Kwa hiyo jibu lako ni hili: anayeweza kushinda ni yeye. Atashinda mchujo, atashinda Novemba, na atakalia kiti miaka sita. Sijui atakuwa akinong'onezwa na nani.

Jumamosi anakuja kwenye ukumbi wenu, na mwenyekiti ni wewe. Nitamleta, lakini nitabaki kwenye gari. Nyuma ya bega lake hapatakuwa na mtu. Akikosea, dada, sema hapohapo. Sema kwa heshima, lakini wasikie wote. Najua nakutwisha jambo ambalo sisi hatukulelewa kulifanya. Wewe ukinyamaza, watanyoosha mikono kama wa Nordby, na Jumapili nitarudi nyuma ya bega lake, maana nimeshajijua: nikishamwacha Jumamosi, kumwacha tena sitaweza.

Nisalimie shemeji, na wabusu watoto kwa niaba ya mama yao mdogo. Mungu awape mvua kabla yetu, mkibakiza mtuletee.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Marit