Papai la Kiapo

Mkongani, Vitengeni
9 Machi 2024

Mwanangu Easter,

Salamu nyingi zikufikie huko Nairobi. Mimi ni mzima, ila mkono wa kulia unauma kwa ile kazi ya filamu uliyonipa. Umri wangu wote wa kugema sijawahi kummiminia mgeni mmoja asiyelewa pombe ya mnazi mara kumi na mbili. Wewe hujambo? Unakula? Nilipokuona hapa ulikuwa umekonda, na wale wenzako wa kamera vilevile, nikadhani huko mjini kumeingia njaa.

Tangu muondoke kijiji kimepoa. Jirani yangu Kadii anawakumbuka kwa jinsi mlivyomaliza sufuria zake za wali. Bado ananiletea chakula cha jioni, kama afanyavyo tangu mamako atutoke. Mjane na mgane, tunasukuma siku.

Sasa nina swali. Mlinipiga picha vipande vipande: leo kilio, kesho kicheko, siku ya tatu ndipo mnanirudisha nianze kumkaribisha mgeni. Hadithi yenyewe siijui. Yule mgema niliyemwigiza alikuwa mtu wa namna gani? Na yule mgeni wake, nani alimwua? Kadii aliniuliza nikakosa jibu, mimi mwigizaji mkuu mzima.

Nakuandikia kwa sababu sikio langu kwenye simu ni kama gogo. Lewis wa duka ataipiga picha barua hii akutumie, na ya kwako ataichapisha aniletee.

Baba yako,
Mwambire


Nairobi
2 Juni 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai mkono umepoa na ile dawa ya kuchua imekufikia. Mimi sijambo, ila nashinda kwenye chumba kisicho na dirisha, tunaunganisha vile vipande vyako. Chakula nakula, usihofu.

Mwisho wa hadithi sikwambii. Nilikuficha makusudi, kwa sababu mtu akijua mwisho uso wake hubadilika, na mimi nilitaka uso wako uleule ninaoujua. Utaona mwenyewe.

Nina jambo la kukushukuru. Unakumbuka uliponisimulia habari za Gerishom, mumewe Kadii, aliyekunywa kwetu mwaka 2009 kisha akaenda kufia mlangoni kwake? Ulisema mgema huonja kwanza mbele ya mgeni ili kumtoa shaka, na siku ile hukuonja kwa sababu asubuhi yake uling'olewa jino. Jambo hilo dogo ndilo lililozaa filamu yote. Hata jina lake ni hilo, *Hakuonja*.

Nisalimie Kadii sana.

Mwanao,
Easter


Lisbon
18 Oktoba 2024

Baba,

Shikamoo. Hujambo, na mvua imenyesha? Mimi niko mbali sana, kwenye tamasha la filamu. Tumeshinda, baba. Wamesema ndiyo filamu bora ya uhalifu ya mwaka huu. Ilipokwisha watu walisimama wakapiga makofi mpaka nikaona haya. Mwandishi mmoja wa gazeti ameandika kwamba hajawahi kuona uso kama wa yule mgema mzee, uso wa mtu anayeishi na siri. Nilitamani uwe karibu nami.

Mwakani itaonyeshwa Kilifi mjini, kisha nimewaahidi itafika Vitengeni, sokoni, kila mtu aione bure.

Mwanao mwenye furaha,
Easter


Mkongani
4 Mei 2025

Mwanangu Easter,

Natumai u mzima. Mimi mwili ni mzima.

Filamu imefika. Wenzako walitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa ghala la soko. Nilivaa lile shati nililoigizia, nikakaa mbele kabisa, Kadii kando yangu. Mwanzoni kila nilipotokea watu walinishangilia, nami nikacheka kama mtoto. Kisha nikajiona namwagia mgeni mnazi bila kuonja, kamera ikausogelea uso wangu, na hapo nikaelewa. Nimemwua jirani kwa tamaa ya shamba lake. Kisha nikaenda matangani nikamlilia. Kile kilio, Easter, mliniambia nimlilie mamako, nami nikamlilia kwa kweli. Mmekiweka pale.

Kadii hakupiga kelele. Aliniambia polepole, "Gerishom alifika nyumbani akasema, leo Mwambire hakuonja. Miaka kumi na sita sijamwambia mtu. Mwanao alijuaje?"

Nikamweleza habari ya jino. Akanitazama mdomoni. Meno yamebaki manne, sasa pengo lipi la kumwonyesha?

Tangu siku hiyo chakula cha jioni najipikia. Sikukasirikii. Nataka tu kujua nifanye nini, na hapa sina wa kumuuliza.

Baba yako,
Mwambire


Nairobi
12 Mei 2025

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa sakafuni, na bado niko hapo. Nisamehe. Nilitunga. Nilichukua jino lako na kifo cha Gerishom nikajaza vilivyobaki kutoka kichwani mwangu, na sikufikiri hata mara moja kwamba kuna watakaoona ni ushahidi.

Nimewaomba walioinunua waisimamishe. Wamenijibu kwa upole kwamba filamu si yangu tena, na kwamba tuzo ndiyo kwanza inaifungulia milango. Nimeandika karatasi ya kueleza kuwa yote ni ya kubuni. Lewis aisome sokoni, siku ya soko, kwa sauti. Nimempigia chifu pia, akaniambia atalitazama.

Njoo Nairobi, baba. Chumba kipo.

Mwanao,
Easter


Mkongani
8 Juni 2025

Mwanangu,

Salamu. Ukijiuliza kama nalala, nalala kidogo.

Lewis aliisoma karatasi yako vizuri, maskini. Watu walisikiliza mpaka mwisho, kisha wakasema mtoto hawezi kumwaibisha babake bure mbele ya Wazungu. Eti ulisema kweli kule, na huku unaikana kwa kuogopa kukosa radhi zangu. Nilipowasikia niliona hata mimi ningeamini hivyo, kama ningekuwa mtu mwingine.

Nairobi siwezi kuja. Nikihama nitakuwa nimekubali. Wiki iliyopita wapwa wa Gerishom walinipitia wakaniuliza mvi zangu zina miaka mingapi. Unajua mwenye mvi huku kwetu huitwa mchawi, akauawa. Lewis ameniletea dawa nikapaka nywele nyeusi. Nikijiona kwenye kioo namwona baba yangu akiwa kijana, ila mashavu yameanguka.

Basi nikaenda mwenyewe kwa wazee nikaomba kiapo cha papai, nisafishwe. Wakakubali. Lakini papai huliwa na wawili, mshtaki na mshtakiwa, kila mmoja nusu yake, na mwenye uongo ndiye huvimba mdomo. Wakamuuliza Kadii, akasema yeye hajamshtaki mtu. Wapwa nao wakasema hivyohivyo. Mzee mmoja akasema, "Mshtaki ni mwanawe. Alimshtaki mbele ya dunia nzima, na zawadi akapewa." Wote wakaitikia.

Wanakusubiri wewe, mwanangu. Tarehe 28.

Baba yako,
Mwambire


Nairobi
15 Juni 2025

Shikamoo baba,

Ninakuja. Nitafika tarehe 27. Nitakaa mbele yako, nitakula nusu yangu, nawe utakula yako, na hakuna atakayevimba. Ni tunda tu, baba. Hapo watatuacha.

Usiogope kwa ajili yangu. Kwa makubwa niliyokukosea, kula papai ni kitu kidogo.

Mwanao,
Easter


Mkongani
25 Juni 2025

Mwanangu mpenzi Easter,

Barua hii ikufikie ukiwa bado Nairobi. Nimemsihi Lewis aitume saa hii hii. Kama umeshafungasha, fungua mzigo.

Unasema ni tunda tu. Mwaka 1987 nilimwona Mwaro, rafiki yangu, aliyemsingizia ndugu yake wizi wa ng'ombe. Alikula nusu yake anacheka. Ulimi ulijaa mdomo wote, siku tatu hata maji hayapiti, na siku ya nne tukamzika. Wewe hukuwa umezaliwa. Unaweza kuwa na elimu yako na mimi nikawa na macho yangu.

Mimi papai lisingenidhuru, hilo nalijua. Ndilo linaloniogopesha. Ulisema la uongo bila kukusudia, na papai haliulizi kusudi. Nimelifikiria kila upande, nikiwa juu ya mnazi na nikiwa chini, sikuona njia nyingine.

Jana niliwaambia wazee ni mimi. Nimesema nilitia sumu, nikasema na shamba nililitaka, kama ulivyoandika. Nilijua la kusema kwa sababu nilikuwa nimeshaliigiza. Aliyekiri halishwi kiapo, na mshtaki wake halishwi pia. Shamba langu watalichukua watu wa Gerishom, na kesho Lewis atanipeleka kwenye nyumba ya wazee waliofukuzwa makwao. Nasikia wana vitanda.

Kadii alilia sana. Miaka yote hiyo hakuwa na wa kumlaumu, sasa amepata, na naona amepumua. Jioni alikuja na sahani ya wali, ya mwisho, akasema si vizuri mtu asafiri na njaa. Aliuonja kwanza mbele yangu, ndipo akanipa.

Ile tuzo yako usiitupe. Iweke mahali pazuri. Na mtu yeyote akikuuliza, awe wa huku au wa huko, usiseme tena kwamba ulitunga. Sema ulijua.

Baba yako,
Mwambire