Makontena Yaliyoachwa Nje ya Hesabu

Kaka yangu Limbu,

Mwangaluka. Natumaini barua hii itakukuta hapo Ngulyati ukiwa na afya, na mguu wa mama uwe umepungua uvimbe. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio hautulii, na wewe ndiye wa kwanza ninayekueleza.

Uliandika kwamba wanunuzi binafsi wanawapunja bei ya pamba kwa kisingizio kuwa marobota yanakwama huku bandarini. Si kisingizio, kaka. Yanakwama kweli. Mimi ndiye karani ninayeandika siku kila kontena linapoingia na siku linapoondoka, nayaona yakikaa wiki na wiki.

Tangu biashara iachiwe huru, wenye mizigo wanachagua bandari waitakayo, na wengi wamehamia kwa jirani. Ndiyo maana mwezi uliopita walikuja wataalamu kutupima na kutulinganisha na wenzetu. Kabla hawajafika, mkuu wangu wa kitengo aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Minza, wape orodha ya yale makontena yaliyotoka haraka tu. Mengine yaache."

Nilipotoka nikamkuta Mzee Hamisi ananisubiri. Huyu ni dereva wa winchi aliyenipokea siku yangu ya kwanza kazini.

"Binti yangu," akasema, "tukionekana wabovu wataleta mwekezaji, na wa kwanza kupunguzwa ni sisi tusio na vyeti. Nakuomba, fanya alivyokwambia."

Nikaandaa karatasi kama nilivyoagizwa. Kwenye kikao, mtaalamu mmoja, mama wa makamo, aliisoma taratibu mpaka mwisho. Kisha akaniuliza mimi, si mkuu:

"Haya ndiyo makontena yote?"

Mkuu alikuwa ananitazama. Nikakuwaza wewe, na pamba yako imelala ndani ya yale yaliyoachwa.

"Hapana, mama. Ni yale yaliyotoka haraka tu." Nikaenda kuwaletea daftari zima.

Hakuna aliyenigombeza. Siku hiyohiyo nikahamishiwa stoo ya vipuri, nikakaa huko nikisubiri barua ya kufukuzwa. Ijumaa iliyopita wakabandika orodha ya wanaopunguzwa. Niliisoma mara mbili. Jina langu halimo. La Mzee Hamisi limo.

Nilimfuata, nikamkuta anakunja ovaroli yake. Nilitaka kumwomba radhi, lakini yeye akaniwahi.

"Hukusema uongo, Minza," akaniambia. "Lakini nilikuomba."

Akachukua mfuko wake, akaenda.

Kaka, hata leo wakiniuliza tena nadhani nitajibu vilevile, na hilo ndilo linaloniogopesha. Mama usimwambie kwanza. Wewe niandikie unavyoniona, bila kunihurumia.

Nisalimie wifi Kabula na watoto, baba mdogo Masanja na ng'ombe wake huko Migato, na shangazi Ng'washi wa Sola aliyenifundisha kusoma.

Ni mimi, wa tumbo moja nawe,
Minza